Matokeo Ndani ya Matokeo: Kurasa za Utafutaji wa Ndani na Faharasa ya Intaneti

Karibu kila tovuti kubwa, iwe ya gazeti, ya duka, ya maktaba au ya ofisi ya serikali, ina kisanduku cha kutafutia ambamo msomaji huandika neno na kupewa orodha ya kurasa za tovuti hiyohiyo zinazolihusu. Orodha hiyo ni ukurasa wa aina ya pekee, kwa kuwa haukuandikwa na mtu wala haukuwepo kabla ya kuulizwa. Hutungwa na programu papo hapo kutoka kwenye hifadhidata, huonyeshwa, kisha hutoweka mpaka atokee mwingine wa kuuliza neno lilelile. Suala linalochambuliwa hapa ni kama ukurasa wa namna hii unastahili kuingizwa katika faharasa ya injini za utafutaji kama vile Google na Bing, yaani ile hifadhi ya kurasa zilizokwisha kusomwa na kupangwa, ambayo ndiyo injini huipekua kila inapoulizwa, kwa sababu haiwezi kuizunguka intaneti nzima upya kwa kila swali. Laweza kuonekana suala la mafundi peke yao, lakini ndani yake mna jambo linalomgusa kila anayesoma mtandaoni, nalo ni nani anayewajibika kwa maneno yanayoonekana chini ya jina la tovuti fulani.

Ili suala hili lieleweke, ni lazima kwanza ifahamike kwa nini orodha inayotungwa papo hapo inaweza kabisa kufikiwa na injini. Faharasa hujengwa na vitambazi, yaani programu zinazotembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikisoma na kunakili kila zinachokikuta. Kitambazi hakiandiki maneno kwenye kisanduku kama afanyavyo binadamu, hivyo kwa kawaida kingepita bila kuziona kurasa za matokeo. Hata hivyo, tovuti nyingi hulipokea swali la msomaji kwa njia inayolibandika swali lenyewe mwishoni mwa anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza, na anwani hiyo ikishapatikana inaweza kutumwa kwa rafiki, kuwekwa kwenye ukurasa mwingine, au kuorodheshwa na tovuti yenyewe chini ya kichwa kama vile «yanayotafutwa zaidi». Hapo kile kilichokuwa jibu la muda mfupi kwa mtu mmoja kinageuka kuwa anwani ya kudumu, na kitambazi, ambacho hakina njia ya kutambua kwa kuitazama anwani tu kama mbele yake kuna makala iliyoandikwa kwa jasho au orodha iliyotungwa na mashine, huifuata kama kinavyofuata nyingine yoyote.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga kuingizwa kwa kurasa hizo inahusu haki ya msomaji. Mtu anayeuliza injini swali hupewa orodha ya matokeo. Akibonyeza tokeo la kwanza na kukuta orodha nyingine ya matokeo, amesogezwa kutoka foleni moja hadi foleni nyingine bila kuhudumiwa. Hoja hii ndiyo iliyotamkwa hadharani Machi 2007, pale Matt Cutts, mhandisi wa Google aliyejulikana sana kwa kazi yake ya kupambana na udanganyifu katika utafutaji, alipoeleza kwamba mwongozo wa kampuni hiyo kwa wasimamizi wa tovuti ulikuwa umeongezewa agizo la kuwataka wavizuie vitambazi visiingie katika kurasa za matokeo ya utafutaji na kurasa nyingine zinazotungwa na mashine bila kumwongezea msomaji jambo la maana. Ni hoja yenye nguvu, na kwa sehemu kubwa ya kurasa zinazohusika ni ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba inamchukulia kila msomaji kuwa anatafuta kitu kimoja mahususi, ilhali mtu anayetafuta nyumba ya kupanga katika mtaa fulani, au makala zote zilizoandikwa kuhusu bei ya korosho, haji kutafuta kitu kimoja, bali anakuja kulinganisha, na kwake orodha iliyopangwa vizuri ndiyo jibu lenyewe.

Hoja ya pili ni ya hesabu, na haina udhaifu huo. Idadi ya makala katika tovuti ina kikomo, lakini idadi ya maswali yanayoweza kuulizwa haina, na kila swali linaweza kuzaa ukurasa. Hata pale ambapo msomaji haandiki neno lolote, bali huchagua tu vichujio, yaani vile vitufe vya kupunguza orodha kwa rangi, ukubwa au bei, hesabu hupaa upesi: duka la viatu lenye rangi 10, saizi 12, chapa 20 na namna 5 za kupanga orodha linaweza kuzaa kurasa 12,000 zenye anwani tofauti, hata kama stoo yake ina jozi mia tano tu. Sehemu kubwa ya kurasa hizo zitakuwa na vitu vilevile vilivyobadilishiwa mpangilio, na nyingine zitakuwa tupu kabisa, zikisema tu kwamba hakuna kilichopatikana. Julai 2008 Google ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imekwisha kukutana na anwani za kipekee trilioni moja, na ilikiri wakati huohuo kwamba si zote zinazostahili kuingizwa katika faharasa. Kitambazi kina muda na uwezo wenye mipaka katika kila tovuti, na seva ya tovuti nayo ina mipaka yake. Kila dakika inayotumika kusoma orodha isiyo na mwisho ni dakika iliyonyimwa makala mpya. Tovuti ndogo, ambayo seva yake ni ya kukodi kwa bei nafuu na kila orodha inailazimu kuipekua hifadhidata upya, ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa wageni wake wa kweli husubiri huku mashine zikihudumiwa.

Pamoja na hayo yote, historia haikufuata mstari ulionyooka. Mwaka mmoja tu baada ya agizo la 2007, yaani Aprili 2008, Google hiyohiyo ilitangaza kwamba kitambazi chake kilikuwa kimeanza kujaza fomu katika tovuti chache zilizoonekana kuwa na manufaa, kikichukua maneno yaliyomo ndani ya tovuti yenyewe na kuyaandika kwenye kisanduku ili kuona ni kurasa gani zitakazojitokeza. Watafiti wa kampuni hiyo, wakiwamo Jayant Madhavan na Alon Halevy, walichapisha mwaka huohuo maelezo ya kazi hiyo na kuripoti kwamba kurasa zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa zikijitokeza katika majibu ya maswali zaidi ya elfu moja kwa kila sekunde. Lengo lao lilikuwa kuifikia ile sehemu ya intaneti iliyozama, yaani taarifa zilizofungiwa ndani ya hifadhidata ambazo hakuna kiungo chochote kinachozielekea, na ambazo hupatikana kwa kuuliza tu: kumbukumbu za serikali, orodha za vitabu, takwimu, majalada ya magazeti ya zamani. Hapa pana mgongano ambao wachambuzi wengi huupita haraka mno. Injini iliwakataza wasimamizi wasiilete orodha mlangoni, kisha yenyewe ikaenda kubisha hodi kuitafuta, kwa sababu iligundua kwamba katika tovuti nyingi orodha hiyo ndiyo njia pekee ya kuifikia hazina iliyo ndani. Mgongano huo unapungua ikikumbukwa kwamba orodha katika kazi ile ilitumika zaidi kama daraja la kuvuka kwenda kwenye kurasa halisi kuliko kama mahali pa kukaa; lakini hauishi, kwa maana daraja nalo liliingizwa katika faharasa.

Hoja ya tatu dhidi ya kurasa hizo ndiyo nzito kuliko zote, ingawa ilichelewa kupewa uzito wake. Ukurasa wa matokeo ya ndani kwa kawaida hulirudia swali la mgeni, mara nyingi katika kichwa cha ukurasa, kwa maneno kama «Matokeo ya utafutaji wa» yakifuatwa na chochote alichoandika. Maana yake ni kwamba mtu yeyote, bila kuvunja kufuli yoyote na bila kuiba neno la siri, anaweza kuyaweka maneno yake mwenyewe kwenye ukurasa ulio chini ya jina la chuo kikuu, wizara au benki. Matapeli walilielewa hilo mapema. Huandika kwenye kisanduku tangazo zima, likiwa na jina la mchezo wa kamari, dawa za magendo au namba ya simu inayodaiwa kuwa ya huduma kwa wateja wa kampuni maarufu, kisha hunakili anwani ya ukurasa uliotokea na kuitawanya katika maelfu ya viungo mahali pengine ili vitambazi viifuate. Hifadhidata ya tovuti haina lolote linalolingana na tangazo hilo, hivyo orodha ni tupu, lakini kichwa cha ukurasa kimebeba tangazo, na injini ikiuingiza ukurasa huo katika faharasa, anayetafuta msaada atauona ukiwa umepambwa kwa jina la taasisi anayoiamini. Aibu hii huipata tovuti ambayo haikuandika hata herufi moja ya tangazo lile, na mara nyingi msimamizi wake hugundua baada ya miezi, pale anapoona jina la ofisi yake limejaa maneno ya lugha asiyoijua.

Sambamba na hilo liko suala la siri za watu. Maneno ambayo watu huyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia hufichua mengi kuliko wanavyodhani, kama ilivyodhihirika Agosti 2006, pale kampuni ya AOL ya Marekani ilipotoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maswali takriban milioni 20 ya watumiaji wapatao 650,000 waliofichwa majina kwa namba, na waandishi wa habari wakaweza kumtambua mmojawapo kwa kuyasoma tu maswali yake. Tovuti inayochapisha orodha ya maswali ya wageni wake na kuviruhusu vitambazi viisome inafanya jambo la jamii hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Kuna pia tovuti zilizoamua, kwa makusudi na kwa hekima, kwamba hata kurasa zao halisi zisiingizwe katika faharasa ya injini za jumla: hazina za hukumu za mahakama kama BAILII ya Uingereza na CanLII ya Kanada huruhusu kila mtu kuzisoma hukumu bure, lakini huzuia maandishi ya hukumu yasijitokeze pale mtu anapoandika tu jina la jirani yake. Anayetaka kujua sheria ataingia mlangoni na kuuliza ndani. Anayepekua maisha ya mwenzake hasaidiwi.

Vyombo vya kuzuia vipo, ila hutumika visivyo mara nyingi kiasi kwamba tofauti yake inafaa kuelezwa. Cha kwanza ni faili fupi liitwalo robots.txt, linalowekwa kwenye mzizi wa tovuti ili kuviambia vitambazi ni sehemu zipi visiingie. Mpango huo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaheshimiwa kwa hiari kwa miaka mingi, na haukuandikwa kuwa kanuni rasmi ya kiufundi hadi 2022. Chombo cha pili ni agizo linaloandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, noindex, linaloiambia injini kwamba inaruhusiwa kuusoma ukurasa lakini isiuingize katika faharasa. Hivi si vitu viwili vya kazi moja. La kwanza huzuia kuingia, la pili huzuia kuorodheshwa, na ukurasa ambao kitambazi kimekatazwa kuingia unaweza bado kuorodheshwa kwa anwani yake tu, ikiwa tovuti nyingine zimeuelekezea viungo, kama vile mtu anavyoweza kujua kwamba nyumba ipo bila kukanyaga ukumbini. Kosa la kawaida ni kuvitumia vyote viwili pamoja kwa kudhani kwamba ulinzi unaongezeka. Kumbe kitambazi kilichozuiwa mlangoni hakipati nafasi ya kulisoma agizo lililobandikwa ndani, na tangazo la tapeli linabaki katika faharasa. Kwa hatari iliyoelezwa hapo juu, noindex ndiyo dawa, na robots.txt inafaa zaidi pale ambapo tatizo ni mzigo wa seva. WordPress, programu inayoendesha sehemu kubwa sana ya tovuti za dunia, huliweka agizo la noindex yenyewe kwenye kurasa zake za matokeo tangu toleo la 5.7 la Machi 2021, jambo ambalo limewakinga wasimamizi wengi wasiojua hata kwamba hatari ipo.

Zikipimwa hoja hizi pamoja, jibu la jumla haliwezi kuwa jingine ila kwamba kurasa za matokeo ya ndani zisiingizwe katika faharasa. Lakini sababu inayotolewa mara kwa mara, kwamba zimetungwa na mashine, si sababu sahihi, kwa kuwa siku hizi karibu kila ukurasa hutungwa na mashine kutoka kwenye hifadhidata, ikiwamo makala ya gazeti. Kigezo kinachofaa ni swali limetoka kwa nani. Ukurasa wenye kichwa «Vyumba viwili vya kupanga Kinondoni» na ukurasa wa matokeo ya maneno hayohayo zinaweza kuwa na orodha ileile, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba wa kwanza ulichaguliwa na mtu wa tovuti aliyeona kuwa watu wanauhitaji, akaupa jina, akauwekea kiungo kutoka ukurasa wa mbele, na yuko tayari kuulizwa ukiwa mtupu au ukiwa na uongo, ilhali wa pili ulizaliwa na mpita njia asiyejulikana. Wa kwanza una mwenyewe, na kwa hiyo una haki ya kupimwa na injini kama ukurasa mwingine wowote. Wa pili hauna. Hii ndiyo maana tovuti za nyumba, za ajira na za bidhaa zinazofanya kazi yao kwa uangalifu huwa na kurasa za makundi zilizo wazi kwa vitambazi na kisanduku kilichofungwa kwao, na hakuna kinachopotea kwa msomaji.

Kwa wanaochapisha kwa Kiswahili kigezo hiki kina uzito wa ziada, unaotokana na umbo la lugha yenyewe. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni: kitabu huwa vitabu, jicho huwa macho, ugonjwa huwa magonjwa, na kitenzi hubeba mtenda, wakati na mtendwa mbele ya mzizi wake. Kisanduku cha kutafutia kilichotengenezwa kwa kulinganisha herufi kwa herufi, au kwa kufuata lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni, humpa anayeandika «kitabu» makala zenye neno hilo tu, na kuziacha zile zinazozungumzia vitabu, ambazo huenda ndizo nyingi na bora zaidi. Ukurasa wa matokeo ya Kiswahili, kwa hiyo, mara nyingi ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ikiingizwa katika faharasa huwa kama kwamba gazeti halikuwahi kuandika nusu ya pili. Mhariri anayeijua lugha huweka pamoja ugonjwa na magonjwa, mauaji na waliouawa, chini ya mada moja bila hata kufikiri. Chombo cha habari cha Kiswahili chenye jalada la miaka mingi lililofichwa nyuma ya kisanduku kinafanya vibaya zaidi kwa kutegemea kisanduku hicho kuliko kwa kutenga mtu wa kupanga mada mia mbili na kutoa ramani ya tovuti, yaani lile faili la anwani zote ambalo Google ilianza kulipokea mwaka 2005 na ambalo Yahoo na Microsoft ziliafiki mwaka uliofuata. Maandishi ya Kiswahili yaliyopo mtandaoni bado ni machache yakilinganishwa na idadi ya wasemaji wake, na ni hasara ya kweli kwamba baadhi yake yapo lakini hayaonekani kwa kukosa kiungo tu.

Linabaki suala la nani apewe mamlaka ya kukitumia kigezo hicho, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kuna biashara ambazo bidhaa yao yote ni matokeo ya utafutaji: tovuti za kulinganisha bei, za tiketi za ndege, za bima. Hizi haziuzi kitu chao wenyewe, bali hukusanya bei kutoka kwa wauzaji wengi na kumpangia mnunuzi, hivyo kwa macho ya injini ya jumla ni matokeo ndani ya matokeo. Foundem, tovuti ya kulinganisha bei iliyoanzishwa Uingereza na Adam na Shivaun Raff, iliporomoka katika matokeo ya Google mwaka 2006 na kupoteza wageni iliowategemea. Novemba 2009 wenye tovuti hiyo walipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya, ambayo ilifungua uchunguzi rasmi mwaka uliofuata. Uamuzi ulitolewa Juni 2017, ukiitoza Google faini ya euro bilioni 2.42. Tume iligundua kwamba huduma ya Google yenyewe ya kulinganisha bei iliwekwa juu kabisa, huku hata mshindani aliyefanya vizuri zaidi akijitokeza kwa wastani katika ukurasa wa nne, mahali ambapo wasomaji wachache sana hufika.

Kilichokosewa katika kesi hiyo kinafaa kutajwa kwa usahihi, kwa kuwa kinanukuliwa vibaya na pande zote mbili. Tume haikusema kwamba ni haramu kuzishusha kurasa za matokeo za watu wengine; ilisema kwamba kanuni za kushusha zilitumika kwa washindani na hazikutumika kwa huduma ya mwenye injini, ingawa ilikuwa ya aina ileile. Hoja ya kumlinda msomaji dhidi ya foleni mbili, ambayo ni hoja njema, ilikuwa inafanya kazi upande mmoja tu. Google ilikata rufaa, ikashindwa katika Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya Novemba 2021, na tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikathibitisha uamuzi na faini. Kwa hukumu hiyo injini haikulazimishwa kuiingiza katika faharasa orodha yoyote ya mtu yeyote, ilikatazwa kujipendelea. Tovuti ya kulinganisha bei inayotaka kujua kama orodha yake imehesabiwa kuwa ukurasa wenye manufaa au kuwa takataka bado inapaswa kusubiri kipimo cha kampuni ambayo ukurasa wake wenyewe, ule unaofunguliwa mara nyingi kuliko wowote duniani, ni ukurasa wa matokeo ya utafutaji.